Leza kwa vena ya retina iliyoziba: mwongozo wa mgonjwa na anayemsindikiza

Leza haizibui vena, yaani mshipa unaotoa damu kwenye retina. Tunaanza na hilo kwa sababu wengi wanaofika kliniki za macho Nairobi na barua ya rufaa mkononi hutarajia mwanga uingie jichoni, uyeyushe donge la damu, na uonaji urudi ulivyokuwa. Mashine haifanyi hivyo. Kazi zake ni mbili: kupunguza uvimbe katika sehemu ya retina inayoona vitu vidogo, na kuzuia mishipa mipya dhaifu isiote, ikavuja damu au kuziba njia ya maji ya jicho. Ukilielewa hilo mapema, utajua ni lini uikubali leza, ni lini unaambiwa usubiri kwa sababu nzuri, na ni lini ukimbie hospitali hata kama ni Jumapili usiku.

Kinachoziba, na mahali kinapozibia

Retina ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho. Damu huingia humo kwa ateri na kutoka kwa vena. Ateri na vena zinapopishana hufungwa pamoja ndani ya ala moja. Presha ya miaka mingi huifanya ateri kuwa nene na ngumu, nayo huikandamiza vena laini iliyo nayo ndani ya ala hiyo. Mwendo wa damu unavurugika, donge linaganda. Ndiyo maana tawi la vena huziba karibu kila mara penye makutano hayo, na mara nyingi zaidi upande wa juu wa nje wa retina. Vena kuu yenyewe huziba pale inapopita ndani ya neva ya jicho.

Nyuma ya kizuizi damu hurundikana kama maji ya mvua kwenye mtaro uliojaa takataka. Kapilari zinafura, maji na damu vinavuja. Maji yakifika makula, ile sehemu ya katikati unayoitumia kusoma na kutambua nyuso, uonaji unafifia. Na pale kapilari zinapofungika kabisa, retina inakosa oksijeni na kuanza kutoa protini iitwayo VEGF. Protini hiyo huongeza uvujaji na kuchochea mishipa mipya iote: juu ya retina, juu ya kichwa cha neva (pale neva ya jicho inapoungana na retina), au mbele kabisa kwenye airisi, yaani sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Mishipa hiyo haina faida yoyote. Ya nyuma hupasuka na kujaza jicho damu. Ya mbele huziba pembe ambayo maji ya jicho hupitia yanapotoka, na presha ya jicho hupanda kwa maumivu makali ambayo aliyeyapata hayasahau.

Kuziba kwa tawi na kuziba kwa vena kuu ni magonjwa mawili tofauti linapokuja suala la leza. Waulize kliniki neno hili moja kabla ya yote: ni tawi, au ni vena kuu? Liandike kwenye kadi yako.

Siku za kwanza

Dalili ya kawaida ni jicho moja kuona ukungu au kivuli, bila maumivu, mara nyingi mtu anapoamka. Wengi huenda kwanza kwenye duka la miwani mjini, wakanunua miwani mipya, wakapoteza wiki kadhaa. Kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Toboa karatasi ngumu kwa pini, funika jicho zima, kisha tazama maandishi kwa jicho bovu kupitia tundu hilo. Maandishi yakionekana wazi zaidi, huenda shida ni ya miwani. Yasipobadilika, au yakizidi kuwa mabaya, miwani haitakusaidia. Tafuta daktari wa macho ndani ya siku chache.

Kuna tofauti moja ambayo hungoji hata siku moja. Jicho likizima ghafla kabisa, kama taa iliyozimwa, huenda ni ateri iliyoziba na si vena. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu ni ndugu wa kiharusi.

Usitie asali, maziwa ya mama wala dawa ya mitishamba jichoni. Hakuna tone linalofika kwenye vena ya retina kwa njia hiyo, na kidonda cha kioo cha mbele ya jicho kitakachotokea kinaweza kuzuia leza isifanyike kabisa.

Nairobi kuna kliniki ya macho ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ya macho ya Lions SightFirst kule Loresho, na kliniki nyingi za kibinafsi za Upper Hill. Nje kidogo ya jiji, Kiambu, kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu. Kabla ya kupanda matatu, piga simu na uulize mambo matatu: kuna daktari wa retina siku gani, skani ya OCT (inayopiga picha ya tabaka za retina) inafanya kazi, na leza ya retina inafanya kazi? Neno "retina" lisikose katika swali. Leza ya kusafisha utando baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho ni mashine nyingine kabisa, na watu hutumwa mahali penye hiyo tu, wakarudi mikono mitupu.

Vipimo, na mpangilio wake

Mpangilio una maana kuliko watu wanavyodhani. Kwanza husomwa ubao wa herufi, kila jicho peke yake. Pili hupimwa presha ya jicho. Tatu, na hapa ndipo kliniki yenye foleni ndefu huteleza, daktari huangalia airisi kwa darubini, na mara nyingi pembe ya jicho kwa lenzi maalumu yenye vioo, kabla mboni haijapanuliwa. Mboni ikishapanuka, airisi hujikunja pembeni na mishipa mipya midogo haionekani tena. Ukiona muuguzi anakuja na matone kabla daktari hajakuangalia, na wewe unajua vena yako kuu imeziba, sema kwa upole: "Naomba daktari aangalie airisi kwanza." Si ujuaji. Hilo linaweza kukuokolea jicho.

Kisha mboni hupanuliwa kwa matone, kwa kawaida tropicamide, mara nyingine pamoja na phenylephrine. Yanachukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na utaona ukungu kwa saa 4 hadi 6. Mwambie muuguzi kama presha yako iko juu sana siku hiyo, maana phenylephrine inaweza kuipandisha zaidi.

Skani ya OCT hupiga picha ya tabaka za retina na kupima unene wa makula kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Haigusi jicho, haiumi, inachukua dakika chache. Omba nakala au ipige picha kwa simu. Namba hiyo ya unene ndiyo utakayoilinganisha mwezi hadi mwezi.

Picha ya mishipa kwa rangi ya fluoresini ni hatua nyingine. Rangi ya manjano hudungwa mkononi, kamera hupiga picha mfululizo rangi inapopita ndani ya jicho. Inaonyesha mahali kapilari zimefungika na mahali zinapovuja. Ngozi na mkojo vitakuwa vya manjano kwa takriban siku moja, usishtuke. Kichefuchefu cha dakika moja mbili ni kawaida. Mzio mkali hutokea mara chache sana lakini upo, kwa hiyo sema mapema kama una pumu, mzio wowote, ugonjwa wa figo au ujauzito. Ikiwa retina imejaa damu mbichi, picha hii haisomeki vizuri na daktari anaweza kuiahirisha.

Mwisho, vipimo vya mwili: presha ya mkono, sukari, mafuta ya damu, hesabu kamili ya damu. Aliye chini ya miaka 50, asiye na presha wala kisukari, anahitaji uchunguzi zaidi wa damu inayoganda kupita kiasi. Mama anayetumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni amweleze daktari.

Sindano kwanza, au leza kwanza?

Kwa uvimbe wa makula, leo sindano za ndani ya jicho zinazozuia VEGF ndizo za kwanza, iwe ni tawi au vena kuu. Avastin, Lucentis na Eylea ndiyo majina utakayoyasikia. Avastin haikutengenezwa kwa ajili ya macho, bali madaktari duniani kote huitumia kwa sababu bei yake ni nafuu sana. Dozi ni miligramu 1.25 katika mililita 0.05. Huanza kwa sindano kila mwezi, kisha nafasi kati ya sindano hupanuliwa kadiri OCT inavyoruhusu. Bajeti ya sindano moja si bajeti ya tiba. Kaa na familia mpange angalau miezi 6.

Leza ya makula ina nafasi yake, lakini ni ndogo kuliko zamani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 1984 ulichukua wagonjwa wa tawi lililoziba ambao uonaji wao ulikuwa 6/12 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zuri huona kwa mita 12) au chini, miezi 3 au zaidi baada ya kuziba. Waliopata leza, asilimia 65 waliongeza mistari 2 au zaidi kwenye ubao wa herufi. Wasiopata, asilimia 37. Hayo ni mafanikio ya kweli, ila yalikuja polepole kwa miaka, ilhali sindano hufanya zaidi na kwa haraka. Kwa hiyo leo leza ya makula huzingatiwa kwa tawi pale sindano haziwezekani, au zilipotolewa ipasavyo na uvimbe ukabaki.

Kwa vena kuu, usilipie leza ya makula. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba uvujaji unapungua kwenye picha, lakini mgonjwa haoni vizuri zaidi. Ukipendekezewa, uliza sababu, na ikibidi pata maoni ya daktari wa pili.

Dhidi ya mishipa mipya, mambo ni kinyume. Hapa leza bado ndiyo msingi. Sindano huisinyaza mishipa mipya ndani ya siku chache, lakini nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa. Kovu la leza linabaki. Kwa tawi lenye mishipa mipya, wasiotibiwa takriban 6 kati ya 10 walivuja damu ndani ya jicho. Waliopigwa leza, takriban 3 kati ya 10. Mara nyingi daktari huanza na sindano ili kutuliza jicho, kisha leza ndani ya siku zinazofuata. Tatizo linalotusumbua sana ni mgonjwa anayepata sindano, akaona nafuu, akaacha kurudi kwa ajili ya leza. Mishipa hurudi, na safari hii inakuja na maumivu.

Kwa nini usubiri, na usisubiri nini

Mwanga wa leza ya kijani, wa nanomita 532, hunyonywa vizuri na rangi nyeusi iliyo chini ya retina, na pia hunyonywa na damu. Retina ikiwa bado imefunikwa na damu mbichi, nishati huishia kwenye damu hiyo, juu kabisa, palipo na nyuzi za neva. Unaunguza waya za simu ukidhani unaunguza udongo ulio chini yake. Ndiyo sababu leza ya makula husubiri kwa kawaida miezi 3, damu inywee na uvimbe upewe nafasi ya kupungua wenyewe.

Usubiri huo si likizo. Kwa vena kuu iliyoziba kwa kiwango kibaya, mishipa mipya ya airisi huja zaidi katika miezi ya mwanzo. Madaktari wa zamani waliuita ugonjwa huo presha ya macho ya siku 100. Hudhuria kliniki kila mwezi kwa miezi 6. Hata aliyeambiwa kwamba kuziba kwake ni kwa kiwango cha afadhali asijipumzishe: katika utafiti uleule wa vena kuu, takriban theluthi moja ya waliokuwa na hali ya afadhali waliingia kwenye kiwango kibaya ndani ya miaka 3, na karibu nusu ya hao waligeuka ndani ya miezi 4 ya kwanza. Watu wengi hupotea Desemba, wanapokwenda ushago wakarudi katikati ya Januari. Kama siku ya kliniki inaangukia hapo, omba isogezwe mbele, siyo nyuma.

Katika jicho la vena kuu, leza ya retina yote hufanywa mara mishipa mipya ionekanapo kwenye airisi au kwenye pembe. Kuipiga mapema kwa tahadhari tu haijaonyesha faida kubwa kwa mtu anayeweza kufuatiliwa. Lakini kama unaishi Lodwar au Mandera na unajua hutarudi kila mwezi, mwambie daktari ukweli huo. Ni sababu halali ya kubadilisha uamuzi, na hawezi kuijua usipoisema.

Vivyo hivyo, kuna mishipa isiyopaswa kuguswa. Vena ikiziba, mwili huweza kufungua njia za pembeni za kupitisha damu. Hizo ni msaada. Huonekana kama mishipa iliyojipinda, lakini haivujishi rangi ya fluoresini, ilhali mishipa mipya huvujisha kwa wingi. Kuzichoma njia hizo ni kosa linalozuilika kwa picha moja.

Siku ya leza

Kula kifungua kinywa. Meza dawa zako za presha na kisukari kama kawaida. Dawa za kulainisha damu usiziache bila kuambiwa. Meza paracetamol gramu 1 kama dakika 45 kabla, isipokuwa una ugonjwa wa ini au umekatazwa. Beba miwani ya jua na kofia, na uje na mtu. Kuvuka barabara ya Ngong na mboni zilizopanuka, jua la saa saba likiwa usoni, ni hatari, na bodaboda usiiguse siku hiyo. Usiendeshe gari.

Hakikisha mambo ya malipo siku kadhaa kabla. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na huduma nyingine huhitaji kibali kabla ya kufanyika. Uliza bei ni ya kikao kimoja au ya jicho zima hadi likamilike. Tofauti hiyo huwavunja watu moyo katikati ya tiba.

Utasaini fomu ya idhini. Soma jicho lililoandikwa, kulia au kushoto, na umwombe muuguzi aweke alama juu ya nyusi ya upande huo.

Matone ya ganzi hutiwa. Unaketi, kidevu kwenye kiegemeo na paji la uso kwenye mkanda. Hapa tumia dakika nzima kurekebisha urefu wa kiti. Mgonjwa aliyejinyoosha shingo hutetereka baada ya vidoa mia moja (kila mpigo wa leza huacha kidoa kimoja), na mtetereko ndio unaopeleka mwanga pasipofaa. Viwiko viwe juu ya meza, mikono ishike vishikio. Lenzi ya mgusano yenye jeli huwekwa juu ya jicho. Hutaweza kufumba, na utahisi msukumo, si maumivu. Jicho lako la pili litazame taa ndogo utakayoonyeshwa. Ukitaka kukohoa, sema au inua mkono kwanza. Usitikise kichwa kujibu "ndiyo".

Sasa vipimo, kwa anayetaka kuelewa kinachoandikwa kwenye faili.

Kwa tawi lenye mishipa mipya, huchomwa robo iliyoathirika tu: vidoa vya takriban mikroni 500 juu ya retina, sekunde 0.1, nafasi ya upana wa kidoa kimoja kati ya kidoa na kidoa, bila kukaribia kitovu cha makula zaidi ya upana wa vichwa viwili vya neva. Kwa kawaida ni vidoa mia nne hadi mia tano. Kwa vena kuu, retina yote ya pembeni huchomwa, vidoa 1,500 hadi 2,000, mara nyingi kwa vikao viwili au zaidi. Kwa makula, vidoa ni vidogo, mikroni 50 hadi 100, hafifu kiasi cha kuonekana kwa shida, katika eneo linalovuja peke yake, na havisogei karibu na kitovu kuliko mikroni 500.

Kuna mitego miwili katika namba hizo. Wa kwanza ni lenzi. Lenzi za kuona eneo pana hukuza kidoa; ile inayokuza takriban mara mbili hugeuza mikroni 200 za mashine kuwa karibu 400 kwenye retina. Anayebadilisha lenzi bila kubadilisha mpangilio wa mashine anapiga kidoa tofauti na anachodhani. Wa pili ni mashine za kisasa zinazopiga vidoa vingi kwa mkupuo mmoja, sekunde 0.02 kila kidoa. Haziumi sana, ila makovu yake husinyaa baadaye. Vidoa 1,500 vya namna hiyo havitoshi badala ya 1,500 vya zamani. Huhitajika vingi zaidi, na jicho lililopigwa vichache hurudi na mishipa mipya huku faili ikisema "imekamilika".

Nguvu hairithiwi kutoka kitabuni. Daktari huanza chini, labda miliwati 100 hadi 200 kwa retina ya pembeni na chini ya 100 kwa makula, kisha hupandisha kidogokidogo hadi kidoa kionekane kijivu hafifu. Retina yenye weusi mwingi, kama zilivyo nyingi za watu wetu, hunyonya mwanga kwa nguvu, na mara nyingi hutosheka na miliwati chache. Nguvu ikizidi kwenye kidoa kidogo, utasikika mlio mdogo: utando ulio chini ya retina umepasuka, damu inaweza kutoka, na baadaye mishipa mibaya kuota kupitia tundu hilo. Mtoto wa jicho au ukungu, kwa upande wake, hutawanya mwanga. Jibu si kuongeza nguvu kibubusa bali kurekebisha lenzi, kuhamia leza ya manjano ya nanomita 577 ikiwepo, au kutibu mtoto wa jicho kwanza.

Maumivu hujikita mahali pawili: saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, kwa sababu neva ndefu hupita hapo. Daktari hupunguza nguvu au muda anapofika pande hizo. Ukiona hayavumiliki, sema. Kuna sindano ya ganzi ya pembeni ya jicho, na kuna kugawanya kazi katika siku mbili. Kuvumilia kimya huku ukiruka ni kubaya zaidi kuliko kuomba kupumzika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchoma kitovu cha makula, kwani upofu wa katikati unaotokea haurudi. Hutokea daktari anapopoteza ramani, hasa damu inapofunika alama za kawaida. Kinga yake ni picha ya retina kuwekwa wazi kwenye kompyuta kando ya mashine, kitovu kutambuliwa kabla ya kidoa cha kwanza, na mgonjwa kutulia.

Baada ya hapo

Mwanga ukizimwa utaona giza, au rangi ya zambarau, kwa dakika kadhaa. Ukungu huendelea hadi kesho yake. Kichwa kinaweza kuuma, paracetamol inatosha. Leza ya retina yote ikipigwa nyingi kwa siku moja inaweza kuongeza uvimbe wa makula kwa muda, na ndiyo sababu nyingine ya kugawa vikao na kutoa sindano kwanza.

Rudi siku hiyohiyo ukipata maumivu makali ya jicho na kutapika, jicho jekundu linalozidi, uonaji unaoshuka badala ya kupanda, au pazia jeusi linaloshuka upande mmoja likitanguliwa na mimweko. Aliyepata sindano karibuni akiona jicho linauma, linakuwa jekundu na kuona ukungu ndani ya wiki moja, aseme neno "sindano" mlangoni ili asiwekwe kwenye foleni. Kwa maambukizi ya ndani ya jicho, kila saa ina maana.

Leza ya pembeni huchukua kitu. Inaua seli zinazotumia oksijeni nyingi zaidi ili zilizobaki zitosheke, na VEGF ishuke. Kwa hiyo utaona kwa shida gizani, na upana wa kuona utapungua kiasi. Dereva wa matatu au lori apime upana wa kuona kabla ya kurudi barabarani usiku.

Mishipa mipya huanza kusinyaa ndani ya wiki 1 hadi 3. Daktari atakuangalia takriban wiki 2 hadi 4 baadaye, tena airisi kwanza kabla ya matone. Isiposinyaa, vidoa huongezwa katika nafasi zilizoachwa. Damu ikiwa imejaa jichoni kiasi cha leza kutopenya, upasuaji wa kuondoa ute wa ndani hufanywa na leza hupigwa humo humo.

Nyumbani, chukua daftari la hesabu la mraba, weka nukta katikati ya ukurasa, liweke umbali wa sentimita 30, funika jicho moja, vaa miwani ya kusomea. Mistari ikipinda au sehemu ikipotea upya, andika tarehe na upige simu kliniki. Fanya kwa kila jicho, mara moja kwa wiki. Usilisahau jicho zima. Lina ateri zilezile na presha ileile. Presha ya mkono iwe chini ya 140/90, au chini zaidi daktari wako akisema hivyo, na sigara iachwe. Pima presha kwenye duka la dawa la mtaani kila wiki, uandike kwenye kadi ileile yenye neno "tawi" au "vena kuu", uende nayo kliniki ya mwezi ujao.